Shakwe wa Kizota

Bwana Mhando anataka shakwe watatu,
futi nne kwa sita, ukuta wa mapokezi.
Mzaliwa wa Tanga. Ananichorea hewani kwa kidole:
bawa hivi, mdomo hivi, na mlio anauigiza
mpaka mhudumu anacheka nyuma ya kaunta.

Mimi bahari naijua kwa kalenda ya benki.

Basi naanza na nilicho nacho.
Gunia la karanga nalibandika kwa gundi ya mbao;
nyuzi zake zinasimama, hazitaki kulala.
Saruji kiganja kimoja, gundi tena, maji kidogo,
natandaza kwa kisu cha mkate.
Kabla haijakauka naikwangua kwa kitana cha binti yangu Nyemo,
kitana chenye pengo. Penye pengo
wimbi linakatika. Naliacha.

Maganda ya mayai kutoka kwa muuza chipsi
nayaponda kwa chupa: hayo ni matumbo.
Gazeti la juzi, kurasa za matangazo,
nachana, nakunja, napachika: hayo ni mabawa.
Ukisogea karibu na bawa la kushoto utasoma
kiwanja kinauzwa, Nala, hakina mgogoro.

Chumvi ya Bahi, ile ya kijivu ya kupima kwa kopo,
nainyunyiza juu ya buluu ingali mbichi.
Inanyonya rangi, inaacha vidoa vyeupe.
Povu, nasema.
Upele, anasema Nyemo.

Saa nane upepo unaingia bila hodi
na kumwaga vumbi jekundu juu ya gundi.
Napuliza, nafuta, nalaani. Limeshashika.
Sasa shakwe wangu wana miguu ya watu wa huku,
kama waliotua barabarani kuuliza njia
wakaambiwa wangoje kidogo.

Jumamosi Bwana Mhando anakuja na miwani mkononi.
Anatazama. Anarudi nyuma hatua mbili.
"Shakwe hana vumbi," anasema,
"shakwe anaoga kutwa nzima, mama."
Sina jibu. Nakunja kanga niliyowafunikia.
Anasogea tena, anapitisha kidole kwenye povu,
anakilamba.
"Siyo yenyewe."

Kisha, akidhani nimegeuka kutafuta risiti,
anakirudisha kidole palepale,
anakilamba tena.

Nusu ya pesa kanipa. Nusu, mwisho wa mwezi.