Kuponi Kwanza

Jumanne pointi huwa maradufu
na mama anajua niko kaunta ya sita.
Haji kwangu. Hupanga foleni kwa Lorraine:
"Wasije wakasema nabebwa na mwanangu."
Leo lakini Lorraine ameng'olewa jino,
na Oldham nzima, na mvua yake na miavuli yake,
imejipanga mbele yangu.

Anaanza na vizito, kama kawaida:
mchele, mafuta, sabuni ya unga ya kilo nne,
halafu mayai, halafu mkate juu ya vyote.
"Habari za kazi, kijana," ananiambia,
kana kwamba si yeye aliyenipikia uji alfajiri.

Kisha inatoka bahasha.
Naifahamu bahasha ile kuliko cheti changu cha kuzaliwa.
Miaka saba nilisimama chini ya kiwiko chake
katika maduka ambayo mengine sasa ni ya kamari,
nikimtafsiria mambo ambayo, nilikuja kugundua,
alikuwa ameshayaelewa;
alitaka tu hesabu itoke kinywani mwa mtoto,
kwa kuwa mtoto hakaripiwi sana.

"Kuponi kwanza, pointi baadaye."
Aliisema kama wengine wasemavyo bismillahi.
Ukitanguliza pointi, jumla inashuka,
ikipungua arobaini kuponi inakukana,
unabaki na karatasi mkononi
kama mtu mwenye kadi ya harusi ya jana.
Kuponi kwanza: pauni sita zinaondoka.
Ndipo pointi, zile za mwaka mzima,
za dawa ya meno, za viazi, za balbu ya bafuni,
haba na haba,
sita nyingine.
Viatu vyangu vya shule vilitoka humo.
Niliitembelea hesabu hiyo mpaka soli ikaisha.

Jumla: arobaini na peni kumi na tano.
Alishaipata kichwani tangu rafu ya chumvi.
Ananyoosha kuponi.
Mashine inatoa ule mlio wake wa kukataa.
Naipitisha tena, polepole, kana kwamba kioo ndicho kibaya.
Inalia.
Nyuma yake mzee Entwistle anahamisha uzito
kutoka mguu mmoja kwenda wa pili.

Naisoma. Mwisho tarehe tatu.
Leo ni tano.
"Nane hiyo," anasema.
"Ni tatu, mama."

Anaichukua. Anaisogeza mbali, anaileta karibu,
anaiinamisha kwenye taa.
Huyu ndiye aliyesoma maandishi ya sisimizi
chini kabisa ya kila tangazo,
aliyemfuata meneja mpaka mlango wa ofisi
kwa ajili ya peni kumi zetu.
Sasa naona mkasi umekwenda kombo,
umeula ukingo wa karatasi, umeingia ndani ya Novemba.
Sijawahi kuona amekata kombo.

Kuna kitufe. Lorraine angekibonyeza.
Nami kidole kimeshaondoka,
naye amekiona, anatikisa kichwa mara moja tu.
"Toa sabuni. Na pointi usiziguse.
Zikae."

Natoa sabuni.
Analipa thelathini na mbili na peni kumi na tano,
na chenji anaihesabu kwa ncha za vidole,
peni moja moja, akitazama mlangoni.

Jumapili mkasi ninao mimi.
Magazeti yametandazwa mezani, chai imepoa.
Keshokutwa ana miadi ya macho;
ameikubali baada ya kuniuliza mara tatu
kama hawatoi punguzo.
Anasikiliza nikisoma, kope amezifumba,
kidevu kimeinuka, kama hakimu.

"Umeruka," anasema.
"Sijaruka."
"Pale chini, kwenye vidogo.
Soma mpaka mwisho."