Tabia Mbaya

Maneno mawili. Nimeyabeba miaka ishirini na sita
kati ya mahakama za Milimani na chumba changu
Barabara ya Kirinyaga, ghorofa ya tatu, juu ya duka la spea.
Mtoto akiulizwa, "Alikufanyia nini?"
hujibu alivyofunzwa nyumbani:
"Alinifanyia tabia mbaya."
Mkalimani hutazama dari.
Karani huandika hivyo hivyo.
Na wakili wa upande wa pili huinuka, tai imenyooka:
"Mheshimiwa, tabia ipi?
Mtoto akilamba sukari, si tabia mbaya pia?"

Ni kweli. Ndivyo tulivyolelewa.
Kutafuna kucha, tabia mbaya.
Kukojoa kitandani, tabia mbaya.
Basi aliyetendewa alikua akidhani
ile tabia ni yake.

Ofisini kwangu mlango haufungwi kwa ufunguo.
Kiti cha mteja kiko karibu nao
tangu siku aliyokuja Lemaron, fundi wa friji,
mwanamume wa miaka arobaini na mitatu,
akasimama saa nzima, kofia mkononi,
akinisimulia habari za gesi na kompresa,
kisha akasema, "Wakili, naomba nikae pale,
niwe naona ngazi."
Hakusema lingine.
Nikampa miadi ya Jumanne.
Alikuja. Lakini miezi minane baadaye, na siku ya Ijumaa.

Niliwahi kumwambia mmoja, "Jikaze."
Nilikuwa mchanga kazini, na jaji alikuwa anatazama saa.
Akajikaza.
Amejikaza hadi leo; hapokei simu zangu.

Sheria huhesabu. Huuliza ulikuwa wapi
miaka yote hii, na mbona barua za shukrani
ulikuwa ukiwaandikia wafadhili kila Krismasi.
Nami nasimama na joho langu lililopauka mabega
nikieleza kwamba Syombua, mshona mapazia wa Gikomba,
mama wa watoto watatu, mwekahazina wa chama,
akisikia funguo nyingi zikigongana
ana miaka tisa.

Mara kumi na moja kesi yake iliahirishwa.
Jaji yuko likizo. Jalada halionekani.
Wakili wao ana homa, ile homa ya kila mwezi.
Mara kumi na moja alifunga kibanda,
akavaa viatu vile vile vyeusi,
akaketi benchi moja na yule meneja wa makao
aliyemwamkia, "Hujambo, binti yangu?"
mbele ya watu. Nao watu wakatabasamu.

Usiku wa kuandika hati ya kiapo
stima zilipotea; tukawasha simu.
Nikamsomea: *alinifanyia tabia mbaya.*
"Ngoja," akasema.
Kalamu akaichukua mkononi mwangu
kama anayechukua mkasi kwa mwanagenzi,
akapachika neno moja juu ya mstari,
kwa herufi za darasa la nne:
*alinifanyia tabia yake mbaya.*
Yake.
Nimesoma sheria vyuo viwili.
Neno hilo sikuwahi kulifikiria.

Juzi mjukuu wangu kanaswa na kijiko,
midomo imejaa punje.
Nikafungua kinywa, nikakifunga.
"Hiyo ni sukari ya chai," nikamwambia. "Rudisha kidogo."

Jaji alisoma hukumu kwa Kiingereza, haraka,
kurasa ishirini na mbili, akinywa maji.
Kwenye ule mstari akapunguza mwendo,
akausoma kwa Kiswahili, kama ulivyoandikwa,
na neno la juu pia.
Syombua hakulia. Aliniuliza, kwa sauti ya sokoni,
nakala ni pesa ngapi.
Karani akasema shilingi ishirini kila ukurasa.
Akataka mmoja tu, wa kumi na saba.

Wamekata rufaa. Fidia haijafika.
Ukurasa anao, umekunjwa mara nne,
ndani ya kopo la sindano,
pamoja na chaki ya kupimia na vifungo visivyo na wenzao.