Wingi: Kawaida Sana

Nikiingia asubuhi, nafthalini hunisalimu kabla ya mtu,
nami huiitikia kwa chafya.
Makabati kumi na saba ya bati, rangi ya majivu,
moja mlango wake haufungi mpaka uupige teke,
na ndani miombo imelala chali,
karatasi juu ya karatasi,
mtundu, muba, mninga, mkurungu,
kimya kama abiria wa Mpanda
waliokwisha kuambiwa treni imechelewa.

Kazi yangu ni sindano, uzi na gundi.
Nashona vikonyo, naua wadudu, nabandika lebo.
Mume wangu huwaambia watu wa Ng'ambo:
"Kalunde kaajiriwa kushona nyasi."
Wanacheka. Nacheka.
Ni kweli, nashona nyasi.

Septemba alikuja Nyanzala, mrina asali wa Sikonge,
nta kwenye kucha, kiti hakukitaka.
"Mtundu umechanua mapema.
Natundika mizinga, maua chini!
Nimesema kikaoni, wakaniambia nimesahau miezi.
Ninyi mnaotunza majani,
hamna hata jani moja la kunitetea?"

Nikafungua kabati la nne.
Tawi la hamsini na tatu, Oktoba, tarehe kumi:
matumba yamefumba kama ngumi za mtoto.
Tawi la sitini na nane, Oktoba ileile:
ua moja limechungulia.
La themanini na sita, Septemba, limechanua.
Na la mwaka juzi, nililolishona mwenyewe,
Agosti, na maua yameanza kupukutika.

Akapitisha kidole juu ya tarehe
bila kugusa, maana nilikwisha kumwonya.
Akarudia, kutoka kushoto.
"Kumbe," akasema,
"miti nayo imesahau miezi."
Akaomba nakala, akaikunja mara nne,
akaitia kifuani, akaondoka na ndoo yake.

Nilipokuwa narudisha, jalada moja likadondoka.
Gazeti la zamani, tangazo la baiskeli,
bei ambayo leo hainunui hata kengele yake,
na katikati, kimebanwa, kimmea
kisichozidi kiganja changu.
Lebo ya mashine ya chapa:
*Mbuga ya Igombe. Maua manjano,
harufu ya embe bichi. Wingi: kawaida sana.*
Chini, jina la bwana aliyechuma, refu, na vyeo vyake.
Na pembeni, kwa penseli, herufi zimeinama
kama mtu aliyebeba mzigo kichwani:
*kasengelele. Mihayo kaona kwanza.*

Nilikwenda Igombe. Siku tatu.
Mbuga imekuwa tumbaku, tumbaku, bani,
rundo la kuni refu kuliko nyumba, tumbaku.
Nilinusa udongo kama mbwa.
Nilipanda vichuguu, maana kichuguu
jembe hukikwepa.
Bibi mmoja alilijua jina, si mmea:
alikuwa na shangazi aliyeitwa hivyo,
kwa kuwa alipenda nguo za manjano.

Sikukipata.
Lakini kabla ya lile jalada kudondoka
nisingejua hata kwamba kuna kitu nimekosa.
Ningepita pale kwenye tumbaku
nikisema, mahali pazuri, pana upepo.
Hicho ndicho ninachokilinda kwa nafthalini:
haki ya kuulizia.
Nani atamtafuta mtu
ambaye hana jina, wala picha, wala kwao?

Mwaka wa kiangazi kirefu wakubwa waliuliza
kama chumba hiki kingefaa kuwa stoo ya mbolea.
Niliwaonyesha kasengelele.
Walikitazama kidogo, wakatazama saa.
Chumba bado tunacho.
Mbolea iko kwenye korido.

Leo nashona nyasi, nyasi hasa,
zile zinazoota nyuma ya stesheni
ambako watu hujisaidia.
Nimeandika mahali, tarehe, rangi ya suke.
Nimefika penye *Wingi*, mkono ukasita.
Nikavaa kandambili, nikarudi stesheni,
nikainama kati ya makopo na maganda ya miwa,
watu wa treni wakinitazama madirishani.

Mashina mia mbili na kumi na tisa.
Nimeandika hivyo, kwa wino.
Pembeni, kwa penseli, jina la kijana wa miwa
aliyenishikia mwavuli.
Kisha nikaupiga mlango teke, ukafunga.