Swali la Saba

*Linganisha hali ya maisha ya Wanepali na ya Wainupiati. (Alama kumi.)*
Nililitunga mimi, usiku, umeme umekatika,
kitabu cha kuazima mapajani,
simu yenye tochi nimeibana kwa kidevu,
nami Busisi sijavuka ila kwa msiba.

Asubuhi nikaugawa ubao kwa mstari mmoja.
Kushoto Nepali: matuta ya mpunga yanayopanda mlima kama ngazi,
mzigo unaoning'inia kwa ukanda wa kipaji cha uso,
vijana wameondoka, pesa zinarudi bila wao,
bati jipya juu ya nyumba isiyo na mwanamume.
Kulia Wainupiati: barafu, nyangumi, mafuta chini ya ardhi,
mapato makubwa kwenye karatasi
na maziwa dukani kwa bei ya kukurudisha kwenye chai ya rangi.
Hapo darasa likacheka. Chai ya rangi tunaijua.

Nikasema, angalieni:
kule fedha chache, huku fedha nyingi na kila kitu ghali.
Nani maskini?
Kimya.
Nje, Igombe ilikuwa inaanika dagaa,
na harufu yake haibishi hodi.

Nyangeta akanyoosha mkono uliokuwa bado na magamba.
(Huchelewa. Nimeacha kumuuliza.)
"Mwalimu, huyo nyangumi akishavutwa ufukweni,
kichwa anapata nani?"
Nikafunua kitabu. Nikasoma:
waliomchoma chusa wana fungu lao,
waliovuta kamba wana lao,
na mjane asiye na mtu chomboni
nyama itamfuata mlangoni.
"Hapimi mtu?"
"Hapimi mtu."
Akaandika kitu. Akafuta. Akaandika.

Jioni nikasahihisha.
Mwongozo wangu ulitaka hoja sita,
tatu za kufanana, tatu za kutofautiana.
Lugata alinipa saba, zote maneno yangu,
hata kosa langu la tahajia kalirudisha salama.
Nyangeta alikuwa amechora safu tatu.

Ya kwanza:
"Kaka yangu Mugeta yuko Doha, anabeba zege.
Kitanda cha juu yake analala Tek, wa Nepali.
Tek ana mtoto anayemjua baba kwa sauti tu.
Wanapika dengu sufuria moja.
Wanadaiwa na mawakala wawili tofauti
deni lile lile."

Ya pili:
"Mama yuko chumba cha baridi, kiwanda cha samaki,
nyuzi kumi na nane chini ya sifuri, masaa nane.
Anavaa koti kama la watu wa huko kwenye barafu.
Akirudi tunamshika vidole kwa zamu
mpaka vikumbuke.
Kwa hiyo Wainupiati ninawajua kiasi,
ila wao, baridi ni yao."

Ya tatu haikuwa na kichwa cha habari:
"Sangara.
Minofu: ndege.
Bondo: ndege nyingine.
Kichwa na mgongo: sisi,
kwa mizani."

Nikainua kalamu nyekundu.
Hoja sita hazipo.
Kufanana na kutofautiana
amevipika sufuria moja, kama dengu za Tek.
Nikampa nne.
Nikatoka nje, nikakaa juu ya jiwe lenye joto la mchana,
taa za wavuvi zimeanza kuwaka mbali, moja moja,
nikawaza mkuu wa taaluma atakavyouliza.
Nikarudi, nikakata nne, nikaandika tisa.
Ile moja sijui nilimnyima kwa nini.
Labda ni mazoea ya mkono
unaopewa mizani.

Karatasi hiyo hajaidai.
Imo kwenye droo yangu mpaka leo,
na droo nzima inanuka dagaa,
hata chaki.