Mpima Ardhi Apimwa

Waliniambia nivue chuma chote.
Hereni, pini tatu za nywele, saa ya marehemu baba,
kulabu za sidiria,
na mwisho, kutoka mfuko wa sketi,
msumari wa bikoni niliousahau tangu Malava.
Fundi wa mashine, kijana aitwaye Olwenyi,
aliupima uzito kiganjani akatikisa kichwa:
"Huu ungepaa, dada. Ungekutafuta."

Miaka kumi na sita nimepima mashamba ya watu.
Nimesimama kati ya ndugu wawili na panga zao
nikasema, mpaka ni hapa, penye mkonge.
Leo nimelala chali Kisumu,
kichwa ndani ya kizimba cha plastiki,
mpira wa kubonyeza mkononi kama yai la kanga
(nikizidiwa, nibonyeze),
na anayetafuta mpaka
ni sumaku.

Kelele. Nilidhani nimejiandaa.
Kwanza kinu cha mahindi pale Lubao,
kisha mtu anagonga mabati,
kisha mlio mmoja mrefu, wa kipumbavu, usiotaka jibu.
Kwenye kioo kidogo wakanionyesha nyuso,
nijibu kwa kidole tu: mwanamume, mwanamke.
Huyu anaogopa. Huyu amekasirika.
Mwingine hana lolote usoni,
na huyo ndiye aliyenitisha.

Mwezi wa nne niliwaka.
Nililala saa mbili kwa usiku, nikaona zinazidi.
Nilinunua mbuzi kumi na watatu kwa mkopo wa chama,
nikachora barabara mpya za Kakamega nzima
nyuma ya fomu za serikali, kwa wino wa kijani,
na zilikuwa nzuri, msinidanganye,
baadhi zilikuwa nzuri.
Kisha Juni ikafunga mlango.

Ndipo nilipojua huzuni haiji peke yake.
Huzuni husema: usiinuke, kuna haja gani.
Wasiwasi husema: inuka, kuna kitu kinaungua.
Basi ninalala nikikimbia.
Moyo unapiga hodi, hodi,
na mwenye nyumba hana nguvu ya kuitikia karibu.

Daktari Mmbone alinieleza mapema, bila kunipumbaza:
kuna vipande viwili ubongoni, umbo la lozi,
vinavyopiga kamsa ya hofu.
Lozi sijawahi kuila. Nikazifanya njugu mawe,
moja kila upande, zinachemka tangu asubuhi
na hazitaki kuiva.
"Na hapa nyuma ya paji la uso," akasema,
"ndipo panapotakiwa kuzituliza.
Tunaangalia kama pande hizi zinasikilizana."
Nikawaza: kesi ya mpaka tena.

Nikamuuliza, picha itasema ni baipola au si baipola?
Akavua miwani. "Hapana.
Yako peke yake haisemi.
Tunaiweka juu ya nyingine themanini
tuone kivuli kinachobaki."
Nilimpenda kwa hilo.
Nimewaona mawakili wakiapa kwa ramani
ya mtu ambaye hakuwahi kulowa kwenye ule mto.

Dakika arubaini na saba. Sikubonyeza.
Wakanivuta nje kama mkate.
Olwenyi akanirudishia msumari ndani ya bahasha,
akageuza skrini kidogo, kama anayeiba:
"Ni wako huo."
Nikatazama. Nikatafuta mbuzi. Nikatafuta Juni.
Palikuwa na mabonde tu, na matuta, kijivu juu ya kijivu,
kama Maragoli kwenye picha za ndege:
kila kipande kimelimwa
na huwezi kujua nani amelala njaa.

Mama alipiga simu nikiwa Kondele, nachagua ndizi
nisizozitamani.
"Wamekuona ndani?"
"Wameona."
"Wamekuta nini?"
"Bado wanapima, mama."
Akanyamaza. Nikasikia kuku wake.
Kisha akasema yule mbuzi wa mwisho,
yule aliyekosa mnunuzi,
amezaa pacha usiku, mvua ikinyesha.

Nikajikuta nauliza: rangi gani?