Tunapima kwa Sentimeta

Simu ya kwanza Jumatatu ni ya Alwyn Pfitzner.
Anakohoa kwanza, kama mtu apigaye hodi
mlangoni pa nyumba yake mwenyewe.
"Glenys, tangazo la mnada ni bei gani siku hizi?"
Namwambia tunapima kwa sentimeta.
Kimya. Nasikia upepo umeingia kwenye simu yake,
na bati linagonga, linagonga, huko mazizini.

Anasoma, naandika.
Trekta moja, ya kijani, imefanya kazi saa elfu tisa.
Mashine ya kupandia ngano, meno ishirini na manne,
mawili yamevunjika.
Kondoo mia tatu na kumi.
Anasita. Mia mbili themanini.
Ngazi. Matangi. Vyuma chakavu.
Kitanda cha chuma cha mtoto.
"Hicho kitoe," asema.
Kisha: "Hapana. Kiache."

Safu mbili kwa sentimeta kumi na nne.
Nikabana herufi, nikabana mistari,
nikamtoza kumi.

Huu mwaka wa tatu mvua haijafika Karrawilla.
Ukurasa wa nne kuna jedwali la milimita,
sifuri chini ya sifuri
kama mtu anatunga shanga asizo na wa kumvisha.
Ngano iliota kimo cha kifundo cha mguu,
ikatazama huku na huku, ikalala.
Asubuhi napangusa kibodi kwa brashi ya rangi;
vumbi la shamba la fulani limekuja mjini
kabla ya mwenyewe.

Na gazeti limenenepa.
Zamani kurasa kumi na sita, sasa ishirini na nane:
trekta, trekta, kondoo, nyumba ya vyumba vitatu,
sababu ya kuuza: kustaafu.
Kustaafu, mtu wa miaka arobaini na mmoja!
Neno hilo vidole vyangu sasa vinalichapa
bila kuniuliza.

Mwandishi wetu wa mwisho aliondolewa mwezi wa Machi.
Habari zinatoka jijini zimeshapikwa:
mgahawa mpya ufukweni, namna ya kupunguza unene.
Kwa hiyo anayetaka kujua yaliyotupata
asome matangazo madogo,
ayasome polepole, kwa kidole.

Jana ikaja barua ya makao makuu, ghorofa ya kumi na tisa.
*Licha ya hali ngumu mashambani,
mapato ya mikoani yamepanda asilimia kumi na moja.
Tumeonyesha ustahimilivu.*
Neno likanikaa mdomoni
kama changarawe kwenye wali.
Kufa kufaana, sawa, hilo tulilijua.
Hatukujua kwamba kutaletwa na keki.

Keki ya waridi, na kumi na moja imeandikwa kwa sukari.
Sitaki kusema uongo: nilikula.
Nilikula vipande viwili.
Nina mkopo wa nyumba, na kaka yangu Rowan
anachimba madini mbali kaskazini
tangu shamba la baba liwe
safu mbili kwa sentimeta tisa.

Mnada ulikuwa Jumamosi.
Ivy Noske alinunua ngazi asiyoweza kuipanda,
kwa bei ya ngazi tatu, akaifunga juu ya gari
bila kumtazama mtu usoni.
Kitanda hakikupata mnunuzi.
Hakuna aliyeinua mkono,
na mnadi, mtu mwenye maneno kama mvua ya zamani,
akaruka namba hiyo kimyakimya.

Leo amepiga tena.
"Glenys, usinitumie gazeti."
Namuuliza kama lilimkosea kitu.
"La," asema, na kwa mara ya kwanza namsikia akicheka,
"sanduku la barua nalo limeuzwa.
Uliliandika wewe mwenyewe, namba arobaini na sita."

Ni kweli. Niliandika.
Natafuta jina lake kwenye orodha, nalifuta,
na majina ya chini yanapanda hatua moja
kuziba pengo.
Simu nyingine inaita.
Naipokea. Mtu anakohoa.