Katuni ya Saa Nne

Kioo cha runinga kilikufa bandani kwa Lushinge,
Mabatini, saa nne usiku,
katikati ya katuni isiyopendwa na mtu:
mfalme wa mifupa ndiyo kwanza kanyanyua upanga.

Watoto wakadai hela zao, wakaondoka.
Spika hazikufa.

Nikabaki na Nkwimba gizani,
tukisikiliza fidla arobaini zikipanda mlima
tusiouona,
kisha tarumbeta moja, nzito,
kama ng'ombe aliyepotea nyuma ya majabali ya Bugando.

“Keshakufa?” akauliza.
Sikujua. Ngoma ikalia mara mbili, ikanyamaza.

Miaka kumi na tisa.
Picha yenyewe sijaimaliza.
Ila ziwa likichafuka usiku
namsikia anashuka Igogo, pekupeku,
upanga bado uko juu.